Kurasa Nne kwa Kola Moja

Mimi najua Kifaransa. Niliwaambia hivyo wenzangu wa karakana siku ya kwanza nilipokaa kwenye cherehani ya zipu, na nikaendelea kuwaambia kwa miaka tisa, wapende wasipende. Kabla ya kuwa fundi nililea watoto wa familia moja ya Wafaransa kwa miaka sita, na katika nyumba ile nilijifunza kugomba, kubembeleza, kuulizia viatu na kutaja aliyevunja glasi, yote kwa Kifaransa cha kutiririka. Ndiyo maana karakana nzima inaniita Madamu. Walianza kwa kunikejeli. Mimi nikaitikia kwa heshima zote, na kejeli ikakosa pa kushika.

Karakana yetu ni chumba kimoja kirefu juu ya duka la rangi. Kuna cherehani kumi upande wa dirisha, meza ya kukatia katikati, pasi mbili mwisho wa chumba, na sanamu la mbao lisilo na kichwa la kujaribishia nguo. Tunashona mashati ya sare, mamia kwa mamia, na mtu akishona shati lilelile kutwa akili humtoroka. Kwa hiyo tuna kiti. Kiko kando ya meza ya kukatia, kina mto, na anayekikalia hashoni. Anatusomea kitabu kwa sauti, na sehemu yake ya kazi tunamshonea sisi. Mpango wetu ni kurasa nne kwa kola moja. Msomaji akifunua ukurasa, Mkataji, ambaye ndiye mkubwa wetu, anagonga meza mara moja kwa subana, kile kikofia cha chuma anachovaa kidoleni. Akishagonga mara nne, mmoja wetu anachukua kola ya msomaji na kuishona pamoja na zake. Hatuandiki popote, masikio ya Mkataji yanatosha.

Msomaji wetu alikuwa binti aliyesoma chuo, yule ambaye siku hizi tunamwita Mama Pacha. Wakati ule pacha wenyewe walikuwa bado tumboni, wakimpiga mateke kila hadithi ilipokolea. Tulikuwa tumemaliza vitabu vyote vya Kiswahili vilivyokuwamo kwenye boksi letu, vingine mara mbili. Ndipo akaleta riwaya ya Kifaransa, nene, jalada limebanduka, akawa anaisoma kwa macho na kutusimulia kwa Kiswahili papo kwa papo. Ilihusu mjane mwenye kiwanda cha mishumaa, na mtengeneza saa aliyempenda. Tukanasa. Siku moja mtengeneza saa akapanda treni bila kuaga, mjane amesimama dirishani na mshumaa mkononi, na hapo hapo uchungu ukamshika msomaji wetu. Tukamkimbiza akajifungue. Nasema kweli, kwenye ngazi nilimsikia Kasuku, mshona vifungo wetu asiyeweza kukaa na neno tumboni, akimwuliza kama yule bwana atarudi. Masikini binti wa watu alijibu kwa kelele tu.

Kesho yake kiti kilikuwa kitupu. Mkataji akatutazama mmoja mmoja juu ya miwani yake.

"Nani mwingine anajua Kifaransa?"

Wakanigeukia wote kumi, polepole kama feni.

Sasa niseme ukweli wangu. Nilikitaka kile kiti kuliko kitu chochote. Kwetu nilikuwa wa nne kati ya saba, shule niliiacha kabla ya wenzangu, na kwa wale Wafaransa nilisikilizwa na watoto wa miaka mitatu, nao kwa shida. Sikuwahi kukaa mahali watu wazima wakanyamaza ili niseme mimi. Nikainuka, nikakung'uta nyuzi kwenye sketi, nikakaa. Mto ulikuwa laini kuliko nilivyodhani. Nikafungua kitabu pale palipowekwa kipande cha lasi.

Sikuelewa kitu.

Majina niliyaelewa. Mjane nilimwona, mshumaa niliuona, treni ile pale. Ila hakuna aliyefanya jambo. Katika Kifaransa changu mtu akija unasema il est venu, amekuja, na akichukua unasema il a pris, amechukua. Humu mlikuwa na il vint, il prit, il fut, il eut. Hilo vint nilidhani ni vingt, ishirini, iliyoandikwa na mlevi. Hilo eut sikujua hata midomo niiweke vipi. Kila mahali palipostahili tendo pamekaa kijineno kifupi kisichonijua, wala mimi sikijui.

"Enhe," akasema Kasuku. "Alirudi?"

Ningesema sijui. Neno lenyewe si refu, lakini sikulitoa. Nikakohoa, nikayapigilia macho yangu kwenye ukurasa, nikasema, "Treni ikasimama kituo cha kwanza. Mtengeneza saa akapapasa chini ya kiti, akagundua kwamba begi lake la vifaa amelisahau kwa mjane."

Karakana nzima ikaguna kwa raha.

Basi nikajitosa. Siku ya kwanza nilimrudisha. Siku ya pili nikawagombanisha. Wiki ilipoisha nilikuwa nimeshamleta dada wa mjane, mfitini kupindukia, ambaye kusema kweli nilimchukua mzima mzima kutoka kwa shemeji yangu. Nilitia chumvi, nikatia pilipili, na macho siyabandui kitabuni kwa hofu kwamba nikimtazama mtu usoni nitaumbuka. Kila jioni nilizikuta kola zangu zimeshonwa na kupangwa, nikazikunja kwenye boksi kama mtu anayestahili. Nilikuwa napaa jamani. Nyumbani nilipika huku naimba, na mume wangu akaniuliza mara mbili kama nimepandishwa cheo. Nikamwambia nimepandishwa.

Wiki ya pili mjane akakubali posa, na hapo mambo yakaniponyoka. Kasuku aliuliza gauni likoje. Nikasema jeupe, shingo ya mraba. Mpiga pasi akasema mjane havai jeupe. Mwingine akadai rangi ya maziwa, mwingine akaapa kwamba mikono mifupi itamwaibisha mbele ya yule dada mfitini. Mabishano yalikula saa nzima, mpaka Mkataji akafungua kabati na kutoa kitambaa cha pazia kilichobaki kwa mteja fulani, rangi ya mshumaa haswa.

"Tusibishane," akasema. "Tukate."

Wakakata. Kila mapumziko ya mchana wakalishona, mikono mirefu, kiuno cha kubana, na mgongoni vifungo ishirini na viwili ambavyo Kasuku alivivika kitambaa kimoja kimoja, ulimi nje. Wiki ya tatu ilipokwisha, gauni la harusi la mwanamke asiyekuwepo lilisimama dirishani juu ya sanamu, na wapita njia wanainua vichwa kulitazama. Na mimi nilikuwa nimesimulia harusi ya siku tatu bila kupumua.

Jumatatu ukaja ujumbe. Mama Pacha ameimarika, Ijumaa atatuletea watoto tuwaone, na ana hamu kubwa ya kusikia hadithi imefika wapi.

Mtu mmoja tu angeweza kukichukua kile kitabu mkononi mwangu na kuona jinsi nilivyowafanya wenzangu wajinga, na mtu huyo anakuja Ijumaa. Nikajiona nimerudi kwenye zipu, Madamu limekuwa kejeli tena, na safari hii wana haki nayo. Nikasema koo linaniuma, kiti kipumzike kidogo. Nikashona zipu kimya kama maji ya mtungini, na kila dakika niliutazama ule mto.

Jioni ileile nilikificha kitabu ndani ya mfuko wa vitambaa nikaenda kwa muuza vitabu vikuukuu, mzee mwembamba aliyezungukwa na bidhaa yake kiasi kwamba ukitaka kitabu cha chini lazima yeye asimame.

"Mzee, hiki ni Kifaransa kweli?"

Akasoma mistari miwili, akatabasamu. "Wewe unaongea Kifaransa, mama?"

"Vizuri sana."

"Ulijifunzia wapi?"

"Jikoni."

"Ndiyo sababu. Hiki hakijawahi kuingia jikoni." Akagonga ukurasa kwa ukucha. "Haya ni maumbo ya kitabuni. Huwezi kumsikia mtu akiyasema mezani, wala sokoni. Mwandishi akitaka kusimulia yaliyopita, ndipo anayatoa kabatini."

Akachomoa kamusi, akafungua kurasa za nyuma, akanionyesha. Mmoja akitenda, neno linaishia na -a, wakiwa wengi -èrent. Mengine yanaishia na -it na -irent, mengine -ut na -urent. Kuna na kundi dogo la kina venir, kuja, lenye -int na -inrent. "Mwili wa neno usikubabaishe," akasema, "huwa unabadilika. Anza kutazama mwisho."

Mimi fundi. Kwa miaka tisa nimekuwa nikichukua shati lililokunjwa na kusema limetoka mkono wa nani, bila kulikunjua, kwa kuangalia pindo lake tu.

"Pindo," nikasema.

"Pindo," akakubali, ingawa sidhani kama alijua nazungumzia nini.

Nikavua utepe wangu wa kupimia shingoni, nikaazima kalamu yake, nikayaandika mapindo yote nyuma yake, upande usio na namba.

Jumanne mchana, wenzangu wakila, mimi nilikaa kwenye ngazi na kitabu magotini na utepe mkononi. Nikatafuta mapindo bila haraka ya kuelewa. Il descendit, hilo ni -it, descendre nalijua, nimewashusha watoto kwenye ngazi mara elfu. Alishuka. Il frappa, hilo ni -a, frapper, kupiga mlango au mdogo wako, hilo nalijua vizuri zaidi. Aligonga. Alishuka, aligonga. Ilikuwa sawa lakini imekaa kama ripoti ya polisi. Nikajaribu kuisema kwa sauti kama ningekuwa kwenye kiti, na mdomo ukaniambia wenyewe: akashuka, akagonga.

Nikasimama. Nikakaa. Nikasimama tena.

Ni ile -ka- yetu, ile inayomshika msikilizaji mkono na kumvuta, akaenda, akaona, akarudi, mpaka chakula kinapoa. Wiki tatu nzima nilikuwa nikiitumia kuwadanganya wenzangu, na kitabu kilikuwa kikisema hiyohiyo chini ya pua yangu. Nikarudi mwanzo wa sura. Fut, akawa. Eut, akapata. Fit, akafanya. Vint, akaja, na nikaliomba msamaha kwa habari ya ishirini. Vijineno vyote vilivyonigomea vikaanza kuamka kwenye ukurasa, huyu anafungua dirisha, yule anavaa kofia, farasi anatikisa shingo, na mimi nacheka peke yangu kwenye ngazi ya watu. Mteja aliyekuwa anapanda akabana ukutani ili anipishe, na sikuwa hata naenda mahali.

Siku ile sikutembea kwenda nyumbani, nilijisimulia njia nzima. Madamu akavuka barabara. Madamu akanunua sabuni. Madamu akaisahau dukani, na mwenye duka akamkimbilia nayo. Mume wangu alipofungua mlango akanitazama, akauliza kama nimekunywa kitu.

"Mume akauliza," nikamwambia. "Mke akacheka."

Nilisoma Jumatano kwenye ngazi, nikasoma nikipika, nikaunguza, nikasoma tena. Nilikuwa na furaha isiyo na adabu. Kila nilipokwama niliupitisha utepe vidoleni mpaka nikalipata pindo, na tendo likanijia limevaa vizuri. Alhamisi mchana nikafika pale. Mtengeneza saa amerudi, amegonga, mjane amefungua, na chini kabisa ya ukurasa pamesimama maneno mawili peke yake: Elle refusa.

Pindo la -a. Refuser nalijua, nimekataliwa supu kwa miaka sita.

Akakataa. Hakuna posa, hakuna harusi, na juu ya kichwa changu, dirishani, gauni lenye vifungo ishirini na viwili. Nilianza kucheka, kicheko kikanigeukia katikati, nikakaa pale nimeshika magoti mpaka kengele ya kazi ikalia.

Ijumaa saa nne asubuhi Mama Pacha akaingia, mtoto mmoja mgongoni na mwingine kifuani. Watoto wakapita mikono yote, wakapimwa mabega kwa macho ya kifundi, wakaahidiwa mashati. Kisha mama yao akaliona gauni.

"Zuri jamani. La nani hili?"

"La mjane," akasema Kasuku.

"Mjane gani?"

"Si huyu wetu wa mishumaa. Aliolewa wiki iliyopita."

Mama Pacha akanitazama. Akaanza kumweka sawa mtoto kofia ambayo haikuwa na kasoro yoyote, na nikajua amekusudia kunisitiri. Hilo ndilo lililonishinda. Fitina ningeijibu, lakini kusitiriwa na binti mdogo vile mbele ya uongo wangu mwenyewe, sikuweza.

"Hakuolewa," nikasema. "Nilitunga. Yote, tangu siku ya kwanza. Kifaransa changu ni cha jikoni, na hiki kimeandikwa kwa Kifaransa kingine, nikaona aibu kusema. Mnisamehe. Kile kiti nilikipenda sana."

Cherehani zikanyamaza moja baada ya nyingine. Mkataji alikuwa anachora mstari wa chaki, akauchora mpaka mwisho.

"Tulijua," akasema.

"Mlijua nini?"

"Wiki tatu hukufunua ukurasa hata mmoja." Akainua kidole chenye subana. "Hii haijagonga meza tangu mwenzako aende kujifungua. Treni, posa, fitina za shemeji yako, harusi ya siku tatu, vyote kwenye ukurasa mmoja. Ukurasa gani huo, Madamu?"

Nikakitazama kitabu, nikamtazama yeye. Naapa, halikuwa limenipitia akilini hata mara moja. "Na kola zangu?"

"Tulikushonea."

"Bila kurasa?"

"Bila kurasa."

"Kwa nini?"

Mkataji alijifanya anatafuta mkasi wake, nao uko mkononi. Aliyejibu ni Kasuku, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alisema kwa sauti ya chini.

"Tungekwambia, ungenyamaza."

Nilitaka kulia, nikaanza kucheka, vikanitoka vyote viwili kwa pamoja na haikuwa picha nzuri. Mpiga pasi akanipa kitambaa cha kola. Nikapenga kamasi, nikauvua ule utepe shingoni nikawaonyesha upande wa nyuma.

"Lakini sasa najua. Kweli kweli. Nina mapindo yake hapa."

"Basi kaa," akasema Mkataji.

Nikakaa. Mama Pacha akasimama nyuma yangu, mtoto begani, macho yake yakifuata kidole changu. Nikaanza, mkono mmoja kwenye mistari na mwingine kwenye utepe, polepole kama mtu anayevuka mto kwa mawe. "Akashuka kwenye treni. Akavuka uwanja wa kituo. Akagonga mlango." Nyuma yangu nikasikia Mama Pacha akisema ndiyo, kwa pumzi tu. "Mjane akafungua. Akamtazama. Akacheka."

"Enhe," akasema Kasuku.

"Akakataa."

Ilikuwa kama nimemwaga ndoo ya maji kwenye pasi. Wote walisema kwa mpigo. Mpiga pasi alitaka kujua mwanamke yule anajiona nani. Kasuku alikuwa ameligeukia gauni na vifungo vyake.

"Na gauni sasa?"

"Gauni ni letu," akasema Mkataji. "Hatukulishona kwa ajili ya kitabu. Madamu, kwa nini amekataa?"

"Sijafika," nikasema. "Iko nyuma ya ukurasa."

Wakanyamaza. Hata pacha walinyamaza. Nikashika kona ya ukurasa, nikafunua.

Mkataji akagonga meza mara moja. Mlio mdogo tu, chuma juu ya mbao, ambao kwa miaka tisa niliusikia ukigongwa kwa ajili ya mtu mwingine.

Nikafunua tena.

"Huo hujausoma," akasema Kasuku.

"Nitaurudia," nikasema.

Mkataji akagonga hivyo hivyo.